Sahani Zilizorudi Zimejaa

Lubarika, tarehe 2 Juni 2020

Yaya Ernestine,

Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu ilianguka kwenye mfereji wa mpunga na imekataa kabisa kufufuka. Na hata ingekuwa nzima, unamjua mama na simu. Masikio yake yamechoka. Mara ya mwisho nilipompigia alisikiliza kidogo, akanidhania mtu mwingine, akasema, "Huyu ni Aimé, mwambieni Thaddée aje aseme mwenyewe," akakata. Kwa hiyo nampa Gracien barua hii pamoja na mfuko wa mchele. Anapita kila juma na pikipiki yake kupeleka mizigo Uvira.

Nakuandikia nikiwa na aibu, maana mimi ndiye mtoto na wewe ni jirani tu, ingawa nakuita dada mkubwa. Mama ana miaka sabini na minne, na tangu baba afariki yuko peke yake katika ile nyumba. Ugonjwa huu wa korona wanasema unawapenda wazee. Lakini yeye, nasikia, kila asubuhi bado anapanga foleni kwenye bomba, anakwenda soko la Mulongwe, anashika mikono ya kila anayempita na kuwauliza habari za wajukuu. Nakuomba, yaya, umsaidie akae nyumbani. Ua wa matete tu ndio unaowatenganisha. Msomee barua hii, umwambie siwezi kuja kwa sasa kwa sababu ndege wamevamia mpunga na lazima niwafukuze kutwa nzima.

Kuanzia hapa usimsomee. Ndege wapo, lakini si wao wanaonizuia. Nilikwenda Bukavu kutafuta mbegu, nikarudi na homa na kikohozi. Watu wa afya wamesema nisitoke siku kumi na nne. Alliance ananitunza, amefunga mlango. Mama akijua, atakuja kwa miguu mpaka hapa, na wewe unajua sifanyi mzaha.

Namsalimu mama. Nawasalimu nyote.

Thaddée

*

Uvira, tarehe 7 Juni 2020

Mdogo wangu Thaddée,

Aibu gani? Wakati ulikuwa unatoka masomo na kuingia moja kwa moja kwenye sufuria yangu, aibu hiyo ilikuwa wapi? Acha.

Nimekusanya watu wangu wote wa nyumba, nikawaambia: kuanzia leo Mama Domitille hatoki, na sisi ndio miguu yake. Kila muntu akapata kazi. Bwana yangu André anachota maji, bidon mbili kila asubuhi, anaziacha kwenye mlango, anabisha, anarudi nyuma hatua tano. Dada yake, Divine, hana tena magauni ya kushona kwa sababu harusi zimekatazwa. Sasa anakata vikwembe vya zamani, anashona cache-nez za kufunika mdomo na pua, na anagawa mtaani, avenyu nzima, bure. Ya kwanza alimpa mama yako, ya maua mekundu. Na mimi, minye mwenyewe, napika. Nafunika sahani na sahani ingine, naweka kwenye kigoda mbele ya mlango, nabisha, narudi nyuma. Hatuingii. Hatushiki mkono. Hatusemi kwa nguvu, juu ya vile wanasema mate yanaruka. Ata mbabula yake ya kupikia tumeichukua ikae kwetu na makaa yake, ili asijisumbue kuwasha moto. Muntu wa miaka ile apumzike! André anasema nimekuwa jenerali.

Barua yako nilimsomea nikiwa upande wangu wa ua, yeye upande wake. Nilipofika pale ulipoandika nisisome, nikasoma kwa macho tu, kiisha nikaruka mpaka kwenye salamu. Akauliza, "Imekwisha?" Nikasema imekwisha. Akasema, "Mbona karatasi iko ndefu hivyo?" Nikamwambia siku hizi una mwandiko mkubwa.

Kuhusu ndege wako, aliniuliza kama Alliance amekatwa mikono, ashindwe kufukuza ndege siku mbili mume wake aje kumuona mama.  Nilikohoa, kwa bahati mbaya, na akarudi nyuma mwenyewe.

Wewe kunywa maji ya moto na ulale kwa tumbo. Sijui kama inasaidia, lakini hapa kila muntu anasema.

Yaya wako,
Ernestine

*

Uvira, tarehe 14 Juni 2020

Thaddée,

Leo nina hasira, nakuambia mapema. Sahani zinarudi zimejaa.

Jumatatu nilipeleka bugali na ndagala. Zikarudi. Jumanne maharagi, yakarudi. Alhamisi nikajitahidi, nikapika mukeke na nyanya, samaki ule ule anaousifu, nao ukarudi na macho yake mawili ukiniangalia. Anakunywa tu chai tunayomwachia, na kipande cha muhogo akiwa nacho. Kila mara ananirudishia sahani imefunikwa vizuri, anasema aksanti, Mungu akubariki, anafunga mlango.

Unajua nilifikiri nini? Hapa kwetu muntu akikupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ndipo unakunywa. Na minye naweka chakula chini, nakimbia hatua tano, sura imefunikwa! Nikajiambia, basi, anadhani ni sumu. Miaka ishirini na mbili ya ujirani, Thaddée! Watoto wangu wote watatu ni yeye aliwaogesha siku waliyozaliwa! Nililia jikoni kwa hasira mpaka André akaja kuuliza kama ni kitunguu.

Kesho yake nikabeba kijiko. Nikasimama kwenye kigoda, nikashusha cache-nez, nikala mara tatu akiniangalia, nikameza, nikafungua mdomo aone. Unajua alifanya nini? Alinihurumia. Alisema, "Kula, mwanangu. Kazi unayofanya ni nguvu." Kiisha akaingia ndani na sahani ikabaki.

Kwa hiyo si sumu. Sasa ni nini? Na wewe mbona haujibu? Juma lililopita Gracien aliniambia hakukukuta. Andika.

Ernestine

*

Uvira, tarehe 19 Juni 2020

Thaddée,

Gracien amerudi tena mikono mitupu. Anasema mlango wako umefungwa, Alliance alimwambia kwa dirisha aache mzigo na aende zake. Hakuweza kumuona sura.

Sikiliza. Jana asubuhi mama yako ametoa viti vyote nje, viti sita na benchi, akavipanga mbele ya nyumba kama vile wageni wanakuja. Akajifunga kikwembe kiunoni, akatandika mkeka chini, akakaa. Bamama wawili wa kanisa walikuwa wanapita, wakaona ile mistari ya viti, wakaona sahani yangu mbele ya mlango na bidon za André, wakaanza kulia palepale kwenye barabara. Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Nikawafukuza, Mungu anisamehe.

Kiisha nikasimama kwenye ua, nikamuuliza, "Mama, ni nini?" Akaniangalia kwa upole, upole ambao sitaki kuuona tena maishani. Akasema:

"Ernestine, mumenibeba vizuri. Hakuna muntu angefanya zaidi. Sasa niambie tu. Thaddée alikufa siku gani?"

 Nikamwuliza nani amemwambia maneno hayo. Akasema, "Nyinyi." Akahesabu kwa vidole akisema: Mumeniletea chakula kimefunikwa na hakuna anayekaa kula na mimi. Mumeniletea maji. Mumenitolea moto ndani ya nyumba. Munanong'ona. Munakataa mkono wangu. Mumefunika sura nisione mukilia. "Miaka arobaini," akasema, "napeleka sahani kwenye kila msiba wa avenyu hii. Munadhani sijui sahani ya msiba?" Na ile barua, akasema. Aliona macho yangu yanatembea kwenye karatasi na mdomo umenyamaza.

Nikaapa. Niliapa kwa watoto wangu kwamba uko hai. Akatikisa kichwa pole pole. "Ni vizuri. Ata minye niliapa vile kwa mama yake marehemu Anastase, tulipokuwa tunangoja wajomba wafike ndipo tumwambie."

Kweli, Thaddée, ndivyo tunavyofanya. Ni minye mwenyewe nilishika mkono wa yule mama siku ile na kumwambia mtoto amelala tu hospitali.

Sasa hali. Amekonda, mifupa ya shingo inaonekana. Anakataa kula kwa ajili ya msiba wako, na minye nikiongeza sahani naongeza msiba. Na kibaya zaidi, tangu jana ata minye najiuliza. Barua mbili haujajibu. Kama uko hai, niandikie ata neno moja. Na kama ni wewe Alliance unasoma hii, andika wewe, dada yangu, usinifiche. Nitajua cha kufanya.

Ernestine

*

Lubarika, tarehe 23 Juni 2020

Yaya,

Niko hai.

Nguvu bado hazijarudi, nitaandika polepole. Siku tisa sikuweza kukaa. Alliance aliniegemeza kwenye magunia ya mpunga ili nipumue, na barua zako alizificha chini ya godoro. Aliogopa nikisoma neno baya nitaacha kupigana. Nimezisoma leo zote tatu kwa mara moja. Nimelia mpaka kikohozi kikarudi.

Kosa ni langu. Nililala hapa, jirani yangu Espoir akawa anatuachia mboga na kuni kwenye dirisha, anabisha na kuondoka, na mimi nilifurahi tu, kwa sababu niliambiwa ni kwa nini. Mama hakuambiwa kitu. Aliambiwa ndege.

Msomee barua hii yote. Usiruke. Mama, nilikuwa mgonjwa, ni ule ugonjwa wenyewe, nilikuficha. Niliogopa utakuja kwa miguu. Nisamehe.

Na wewe yaya, acha kumpelekea chakula. Mrudishie mbabula yake. Kisha muombe kitu. Sijui nini, chumvi, sindano, chochote. Katika maisha yako umeona wapi muntu akienda kuomba chumvi mahali pa msiba? Nani anamtuma mama wa marehemu kazi? Mama amekaa kwenye mkeka kwa sababu sisi sote tumemkalisha. Tulidhani kumsaidia ni kumwondolea kila kitu mikononi.

Fanya hivyo upesi. Mimi bado siwezi kutembea kufika hata Luvungi, hapa jirani.

Thaddée

*

Uvira, tarehe 28 Juni 2020

Mdogo wangu, mdogo wangu!

Gracien aliponipa barua nilitambua mwandiko, japo ulikuwa umelegea, nikaibusu mbele za watu. Usimwambie Alliance.

Nikakimbia kwenye ua, nikasoma yote kwa sauti, ata pale ulipoandika juu ya sahani zangu. Mama yako akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umeandika wewe, Ernestine. Na umekosea. Thaddée hajui kuomba msamaha, tangu utoto." Akageuza sura ukutani.

Nikamrudishia mbabula. Ikakaa pale siku mbili, majivu ya zamani ndani yake.

Na kumwomba nilishindwa. Wewe ni mwanaume, kwako ni rahisi kusema muombe chumvi. Minye niende kuomba kwa mujane mzee ambaye hajala, avenyu ikiniangalia? Nilifika kwenye ua mara tatu na kurudi. Mara ya nne nilimwomba sindano, lakini sauti yangu ilikuwa ya uongo, na Divine ana sindano kila mahali, mama anajua. 

Kiisha juzi nyumba ya Jean-Marie, yule mvuvi wa mbele yetu, imefungiwa. Yeye na mke wana homa, na watu saba ndani, hakuna wa kutoka siku kumi na nne. Kamati ya avenyu ikaniangalia mimi. Jenerali! Nikakubali kabla ya kufikiri. Jana asubuhi nina watu wangu, nina watu saba wa Jean-Marie, nina bibi wawili wa kona ile ambao tulianza nao juma lililopita, sufuria mbili tu, na mgongo umenikaza hivi kwamba nimeshindwa kuinua mchi. Nilikaa chini na lundo la sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, mbele yangu na sikujua nianze wapi.

Sikufikiria barua yako, nakuambia ukweli. Nilifikiria watoto wa Jean-Marie wanalia na njaa, nasikia kwa masikio yangu. Nikabeba lundo lote la majani, nikalirusha juu ya ua, nikasema, "Mama Domitille, nimeshindwa. Nitwangie, unipikie. Wako watu tisa hawajala."

Akainua kichwa.

"Unaniomba minye?"

"Ni wewe."

"Leo?"

"Sasa hivi, mama! Watoto wanalia, si unasikia?"

"Watakula chakula cha nyumba hii?"

"Wanakingoja."

Aliangalia yale majani. Aliniangalia. Sikuwa na sura ya kumhurumia muntu, Thaddée, nilikuwa nashika mgongo na nimekasirika. Akainuka kwenye mkeka kwa mikono miwili, akachukua shina moja la sombe, akaligeuza.

"Nani amechuma hii? Imekomaa kama ngozi ya mbuzi. Wewe ungewapa watoto hii? Lete kinu. Na mafuta ya mawese, si yale ya juzi, yale yalikuwa na harufu."

Kwa hiyo yale ya juzi aliyanusa!

André alikuwa anakuja na bidon, akasikia mchi unapiga kwenye lupangu, uwanja wa nyumba ya mama yako, akaweka bidon chini katikati ya njia na kuvua kofia. Nilimwambia asimame hivyo baadaye, kwanza makaa. Saa sita sombe ilikuwa tayari. Na muntu anayepika anaonja chumvi. Akaonja, akaongeza, akaonja tena, akasema bado, akaonja. Nilihesabu vijiko vinane. Nililia jikoni, na safari hii André hakuuliza kitu.

Leo asubuhi ni yeye amebisha kwenye ua, na mimi nilikuwa bado nimelala. Anataka kukuandikia. Nitaandika mimi, yeye atasema. Niombee.

Ernestine

*

Uvira, tarehe 2 Julai 2020

Thaddée,

Ni minye, mama yako. Ernestine ndiye anaandika. Nimemwambia aandike vile ninasema, asitengeneze. Kama ataruka neno, nitajua, juu namuangalia mkono.

Naanza na wewe. Mulinificha homa, mukanipatia kifo. Homa ningeiweza. Nimezaa mara sita, nimezika wanne na baba yao, unadhani homa ni kitu ya kunificha? Ningeogopa, ndiyo. Ningeomba Rozari, ningesumbua Ernestine kila saa niulize habari. Kuogopa nako ni kazi ya mama, haujaniuliza kama nimechoka nayo.

Sasa Ernestine. Andika, usiniangalie. Ernestine ana moyo muzuri na kichwa kigumu. Alinibeba kama yai. Alinitolea moto ndani ya nyumba! Muntu amekaa bila moto, anaangalia mikono yake kutwa nzima, atafikiri nini? Nilifikiri wewe. Nilifikiri vile ulikuwa unalala mdomo wazi. Nikafikiri umezikwa bila mimi kwa sababu barabara iko ngumu, na nani alikuosha, na kama walikuvalisha ile koti ya harusi ao shati tu. Siku tisa kwenye mkeka, Thaddée. Nilichagua ata mahali bamama watakaa kulia.

Yeye amesoma barua na sikuamini. Ameapa na sikuamini. Lakini siku ile alinirushia sombe juu ya ua kwa ukali, mgongo umemkaza, bila ata "tafadhali", nikamwangalia usoni. Sikuona muntu anayeficha maiti. Niliona mwanamuke amechoka na anataka musaada. Nikajua uko hai. Niliinama kuchambua majani ili asione machozi yangu.

Sasa nina kazi. Napikia kwa Jean-Marie na wale bibi wawili, na tangu jana kuna nyumba ingine ya juu. André anakuja kuchukua sufuria kwenye ua na kuzipeleka kwenye milango. Sitoki, usiogope, sishiki mkono wa muntu. Lakini nimekataza jambo moja. Chakula kikifika mlangoni, nimesema, anayepeleka asikimbie. Asimame mbali na ateremshe maneno kidogo: nani amepika, kwa nini hatuingii, wagonjwa wa avenyu ni nani na wako aje. Aseme kwa sauti. Kama ni mate, basi asimame hatua kumi. Jean-Marie anajibu kwa dirisha, na jana alisema chumvi ilizidi. Ni uongo, ni homa inamharibia ulimi, lakini nilifurahi kusikia.

Tuma mchele mwingine na Gracien. Na maharagi, kama Alliance anayo. Mwambie nilimsema vibaya juu ya mikono yake na ndege, anisamehe, alikuwa anakushikilia wewe.

Nasikia ukiweza kutembea utakuja. Usije upesi. Pona. Lakini wewe sikia neno hili, na wewe Ernestine liandike vizuri: mimi nimekwisha kukulilia. Nilikulilia kwa sauti ndogo, usiku na mchana, na sikuacha kitu. Machozi yako yote nimeyamaliza. Kwa hiyo hauna ruhusa tena ya kutangulia. Ni wewe utanizika mimi.

Mama yako,
Domitille